Akiba haiozi, ila ya tairi huoza
Hesabu ya spea na mzigo wa paa kwa wenye gari Kaskazini Pemba

WAHENGA walisema akiba haiozi. Usemi huo ni wa kweli kwa fedha iliyowekwa na kwa mbegu iliyokaushwa vizuri, lakini kwa mwenye gari una kasoro moja kubwa. Tairi ya akiba, ambayo wengi huiita spea, huoza. Huoza ikiwa imetundikwa mlangoni kwenye jua, huoza ikiwa imefichwa chini ya gari penye matope na chumvi, na huoza bila ya kuzunguka barabarani hata siku moja.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika vijiji kama Msuka, wilaya ya Micheweni, kwenye sehemu ya kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Huko gari si kitu cha starehe. Gari moja ndiyo inayopeleka mwani na karafuu kwa mnunuzi, ndiyo inayorudi na saruji na unga kutoka Konde au Wete, na ndiyo inayogongewa mlango saa nane za usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Ikikwama njiani, wanaokwama ni wengi.

Pemba si kisiwa kikubwa. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni takriban kilomita 67. Hata hivyo, mgonjwa wa Msuka akishindikana Micheweni au Wete anaweza kupelekwa Chake Chake, na pengine hadi Hospitali ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani, ambayo ilifunguliwa upya mwaka 2016 baada ya kujengwa kwa msaada wa China. Hiyo ni safari ya karibu kisiwa kizima. Katika safari ya namna hiyo, spea isiyo na upepo ni sawa na kutokuwa na spea.

Kwa upande mwingine kuna paa la gari. Gari za abiria zenye bodi la mbao zimewazoesha watu wa shamba kuona juu kumepangwa makapu, mikungu ya ndizi, mapolo ya makaa, baiskeli na magodoro. Mazoea hayo yamehamia kwenye gari ndogo zenye kimo cha juu, kama vile Suzuki Escudo na Toyota RAV4, ambazo huingizwa nchini zikiwa zimeshatumika Japani na kuvushwa kwa meli hadi kisiwani. Tatizo ni kwamba gari hizo hazikutengenezwa kwa kazi ya lori, na paa lake halikupimwa kwa mzigo wa lori.

SPEA IKO WAPI

Watengenezaji wa magari hawakukubaliana kamwe juu ya mahali pa kuiweka tairi ya akiba. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, zilikuwa zikionekana na spea juu ya boneti. Waliozifuata walijaribu nyuma, chini, ndani na juu ya paa. Kila mahali pana faida yake na hasara yake, na mwenye gari anapaswa kujua hasara ya mahali alipopewa.

Mahali panapojulikana zaidi ni kwenye mlango wa nyuma. Ndivyo zilivyo Escudo, Daihatsu Terios, Honda CR-V za matoleo ya mwanzo, na RAV4 zilizotengenezwa kabla ya toleo la 2013. Faida yake ni kuwa spea huonekana na hufikiwa kwa urahisi, hata gari ikiwa imejaa mzigo ndani. Hasara yake ni uzito. Tairi na rimu yake kwa gari za kiasi hicho hufikia kilo 20 hadi 25, na zote zinaning'inia kwenye bawaba za mlango mmoja. Kwenye lami bawaba hazisikii kitu. Kwenye njia za udongo na mawe, kila shimo ni pigo, na baada ya miaka michache mlango hulegea, hugonga na hatimaye hukataa kufunga.

Hali hiyo huwa mbaya zaidi pale mwenye gari anapobadilisha tairi na kuweka kubwa kuliko za kiwandani, kisha akaitundika kubwa hiyohiyo mlangoni. Wengine huning'iniza vikapu na madumu juu ya spea kana kwamba ni ndoano. Mlango haukuumbwa kwa mzigo huo. Aidha, spea kubwa inaweza kuficha taa na namba ya gari, jambo ambalo ni hatari usiku na ni sababu tosha ya kusimamishwa na askari wa usalama barabarani.

Dawa yake ni ndogo. Bawaba zitiwe grisi, nati zinazoshikilia spea zikazwe kila mwezi, na moja kati ya hizo iwe ya kufuli kwa ajili ya wezi. Anayeweka nati ya kufuli akumbuke kuuacha ufunguo wake ndani ya gari, si nyumbani. Kava la spea husaidia kuikinga na jua, lakini liwe na tundu chini la kutolea maji, kwani maji yanayotuama humo huila rimu.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Mahali pa pili ni chini ya gari, nyuma ya ekseli. Toyota Hilux na Land Cruiser nyingi kubwa hubeba spea huko, ikiwa imevutwa juu kwa mnyororo unaozungushwa kwa fimbo maalumu inayopenyezwa kwenye tundu karibu na bampa la nyuma. Faida yake ni kubwa: uzito uko chini, na nafasi ya ndani hubaki kwa mzigo.

Hasara ni kwamba kinachokaa chini hakionekani, na kisichoonekana husahauliwa. Matope ya masika hukauka juu ya spea. Gari ikipitishwa ufukweni, au ikibeba mwani uliolowa, maji ya chumvi huteremka hadi kwenye mnyororo. Mwaka mmoja wa hali hiyo unatosha kuufanya ushike kutu. Siku ya pancha dereva huzungusha fimbo bila ya kitu kusogea, na spea nzima yenye upepo wa kutosha hubaki pale pale ikitazamwa. Wapo wanaolazimika kukata mnyororo kwa msumeno. Kinyume chake nacho hutokea: mnyororo uliooza hukatika gari ikiwa mwendoni, na tairi huangukia barabara mbele ya anayefuata nyuma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila baada ya miezi mitatu spea ya chini iteremshwe hadi ardhini, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mnyororo upakwe grisi, upepo upimwe, kisha irudishwe na kukazwa. Kazi hiyo huchukua chini ya nusu saa. Faida yake nyingine ni kwamba dereva, na hasa kijana anayeazimwa gari, huwa ameshajua fimbo iko wapi na inaingia tundu lipi.

UMRI UMEANDIKWA UBAVUNI

Watu wengi huipima tairi kwa meno yake. Kwa tairi zinazotembea kipimo hicho ni sahihi lakini hakitoshi. Kwa spea hakifai kabisa. Meno ya spea huwa mapya hata baada ya miaka 15, kwa sababu haijawahi kugusa barabara. Kinachozeeka ni mpira wenyewe. Jua, joto na hewa huukausha, ukaanza kupasuka vijistari vidogo ubavuni, na nyuzi za ndani huachana. Tairi kama hiyo ikibebeshwa gari iliyojaa huweza kupasuka katika kilomita za mwanzo.

Umri wa tairi haufichwi. Ubavuni mwake kuna alama ndefu ya herufi na namba, na mwisho wake zipo namba nne zilizozungushiwa kama kiduara. Namba mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 3512 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2012. Utaratibu huo ulianza mwaka 2000. Tairi yenye namba tatu ilitengenezwa kabla ya hapo na haifai tena kwa safari. Pengine namba hizo zimepigwa upande mmoja tu, hivyo asiyeziona nje ageuze tairi atazame upande wa ndani.

Kampuni za Michelin na Continental hushauri tairi zisizidi miaka 10 tangu zilipotengenezwa, spea ikiwemo, hata kama meno bado yapo. Michelin huongeza kuwa zikifikisha miaka mitano ya matumizi ziwe zinakaguliwa na fundi kila mwaka. Sasa chukulia gari iliyotengenezwa mwaka 2004 na kufika kisiwani ikiwa na spea yake ya kiwandani. Tairi hiyo imeshapita umri wake zamani, ingawa inang'aa. Mwenyewe hudhani ana tairi tano, kumbe anazo nne.

Tahadhari hiyo hiyo inamhusu anayenunua tairi za mtumba. Bei yake ni nafuu na mara nyingi meno yake ni mazuri, lakini muuzaji akiulizwa umri atasema chochote. Namba nne za ubavuni hazisemi uongo.

Baadhi ya gari ndogo huja na spea nyembamba, mara nyingi yenye rimu ya rangi ya manjano au maandishi ya onyo. Hiyo si tairi ya kazi. Imetengenezwa kumfikisha dereva kwa fundi tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na hujazwa upepo mwingi, kwa kawaida paundi 60. Kuifunga wiki nzima ukibeba mizigo ni kutafuta ajali. Kwa gari zinazovuta kwa magurudumu yote manne, tairi yenye kimo tofauti na nyenzake huichosha difu na kuiharibu, na difu ni ghali kuliko tairi.

Upepo nao hupungua wenyewe. Tairi nzima hupoteza paundi moja hadi mbili kwa mwezi. Spea isiyoangaliwa mwaka mzima inaweza kukutwa na nusu ya upepo wake. Mafundi wengi hupenda kuijaza spea paundi chache zaidi ya kiwango cha tairi za barabarani, bila ya kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, kwa sababu njiani ni rahisi kupunguza upepo kuliko kuuongeza.

HESABU YA PAA

Mahali pa tatu pa kuweka spea ni juu ya paa, kwenye keria. Anayefanya hivyo huwa na nia njema: anataka nafasi ya ndani kwa mzigo, au mlango wa nyuma umeshalegea. Lakini kabla ya kuipandisha, inafaa afanye hesabu.

Kila gari ina kiwango cha uzito kinachoruhusiwa juu ya paa, na kiwango hicho huandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa gari ndogo za kimo cha juu huwa kati ya kilo 50 na 100. La kuzingatia ni kwamba uzito huo ni pamoja na keria yenyewe. Land Cruiser za zamani zenye mifereji ya chuma pembezoni mwa paa huruhusiwa zaidi, lakini hizo ni chache na ni gari za namna nyingine.

Chukulia gari yenye kiwango cha kilo 100, ambacho ni kizuri. Keria ya mabomba ya chuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani inaweza kuwa na kilo 30. Spea ni kilo 25. Zimebaki kilo 45. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Maana yake ni kwamba, baada ya keria na spea, mfuko mmoja tu wa saruji umeshavunja kiwango.

Hesabu ya mazao haiko mbali na hiyo. Nazi isiyofuliwa huweza kufikia kilo moja na zaidi, hivyo nazi 100 za makumbi zimeshapita kilo 100. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 bila ya dumu lenyewe. Godoro ni jepesi likiwa kavu, lakini likinyeshewa hunywa maji na kuwa zito maradufu. Anayepanga mzigo kwa macho huona nafasi iliyobaki. Paa husikia kilo.

Uzito wa juu una madhara mawili. La kwanza ni la bati na nguzo. Gari ikitumbukia shimoni, mzigo hupiga paa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa mizani. Keria huanza kulegea, bolti hutanua matundu yake, na kama paa lilitobolewa ili kufunga keria, maji huingia na kutu huanza kutoka ndani, mahali pasipoonekana.

Madhara ya pili ni ya roho. Gari za kimo cha juu huwa tayari na uzito wake juu kuliko gari za kawaida. Ukiongeza kilo 150 kichwani, dereva akakwepa ng'ombe au mtoto wa skuli kwa ghafla, gari huinama na huenda isirudi. Kwenye kona, mzigo wa juu huvuta nje. Breki nazo huchukua masafa marefu zaidi kusimamisha gari. Kwa sababu hiyo hiyo, kupakia watu juu ya mzigo ni jambo lisilo na kisingizio.

CHINI KIZITO, JUU CHEPESI

Wapemba hawahitaji kufundishwa elimu hii kutoka mbali. Nahodha wa jahazi anajua kuwa chombo kisicho na shehena hutiwa farumi chini ili kisipinduke, na kwamba shehena nzito hutangulia ngamani. Gari ni chombo. Kinachopindua jahazi baharini ndicho kinachopindua gari barabarani.

Kwa hiyo saruji, mchele, karafuu kavu na madumu hukaa ndani, chini, karibu na katikati ya magurudumu. Juu ya paa hupanda vitu vyepesi vyenye ukubwa: makuti, makapu matupu, mikeka, makonyo, mwani mkavu. Vitu virefu kama mbao na boriti hukaa juu kwa sababu havina pengine pa kukaa, lakini viwe vichache, na uzito wake uhesabiwe kama mwingine wowote.

Spea nayo ifuate kanuni hiyo. Kama ni lazima itoke mlangoni, bora ilazwe ndani nyuma ya viti na kufungwa kwa mkanda. Spea iliyolegea ndani ya gari ni hatari: gari ikigonga kitu, kilo 25 za chuma na mpira huruka kuelekea vichwa vya abiria. Ikiwa hakuna njia isipokuwa paani, ilazwe bapa mbele ya keria, ifungwe kwa bolti na sahani ya chuma katikati ya rimu badala ya kamba peke yake, na uzito wake utolewe kwenye kiwango cha mzigo.

KAMBA, MIKANDA NA TURUBAI

Mzigo hauanguki kwa sababu ni mzito. Huanguka kwa sababu haukufungwa kwa pande zote. Wafungaji wengi hupitisha kamba kutoka ubavu hadi ubavu na kuridhika. Kamba hiyo huzuia mzigo kuruka juu, lakini haizuii kuteleza mbele dereva anaposhika breki.

Miongozo ya kufunga mizigo inayotumika Ulaya na Australia hutoa kipimo chepesi kukikumbuka. Kuelekea mbele, mafungo yahimili nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo. Kuelekea nyuma na kila ubavu, asilimia 50. Kwa mzigo wa kilo 50, hiyo ni kilo 40 mbele na kilo 25 kila upande mwingine. Kwa lugha ya mfungaji, maana yake ni kwamba kamba za kuzuia mzigo usiende mbele ndizo ziwe imara kuliko zote.

Aina ya kamba ina kazi yake. Kamba ya usumba huvumilia maji ya bahari na hushika vizuri, lakini huvutika kidogo, hivyo hukazwa tena baada ya kilomita chache. Ya katani hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka. Ya nailoni ni imara lakini fundo lake huteleza, na jua huila. Vipande vya tyubu ya zamani ni vizuri kwa kushikilia turubai lisipepee, ila si vya kushikilia uzito, kwani kazi ya mpira ni kuvutika. Mikanda ya kitambaa yenye kikaza cha chuma ndiyo bora zaidi kwa vitu vizito, mradi isipitishwe kwenye ncha kali za bati.

Mabati yenyewe na magodoro yanahitaji tahadhari ya peke yake. Vyote ni vipana, na upepo hupenya chini yake na kuvinyanyua kama tanga. Ncha ya mbele lazima ifungwe hadi kwenye ndoana ya chini ya bampa, si kwenye keria tu. Vinavyochomoza nyuma vifungwe kitambaa chekundu ili anayefuata avione, na usiku kuwe na taa au kiakisi mwanga.

Tena kuna kimo. Dereva aliyezoea kupita chini ya mwembe au mkarafuu bila ya kugusa hukumbuka kimo cha gari tupu. Njia inayotoka Konde kupita msitu wa Ngezi kuelekea Makangale imefunikwa na miti pande zote, na tawi moja linatosha kung'oa turubai au kusukuma mzigo mzima nyuma. Kabla ya kuondoka, kimo kipya kipimwe na kikumbukwe.

CHUMVI YA MWANI, UNYEVU WA KARAFUU

Kaskazini Pemba ina mazao mawili yanayopanda sana gari, na kila moja lina ugomvi wake na paa.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na vijiji vya pwani vya Micheweni ni miongoni mwa wakulima wake. Takriban kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja ya mwani mkavu, hivyo anayepakia mwani usiokauka sawasawa analipa mafuta ya kusafirisha maji. Si hivyo tu. Maji hayo ni ya chumvi. Huchuruzika kwenye viungo vya keria, kwenye mifereji ya paa na milangoni, na gari huliwa na kutu taratibu. Mwani ukaushwe kwanza, utandikiwe turubai chini, na baada ya kila safari paa lioshwe kwa maji baridi.

Karafuu ni kinyume chake: gari haiogopi karafuu, bali karafuu ndiyo inayoogopa paa. Imekaushwa kwa siku kadhaa juani, na mkulima anaipeleka kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambako hupangwa kwa madaraja. Mvua moja ya njiani ikipenya turubai, unyevu hurudi, daraja huweza kushuka, na kazi ya familia nzima iliyochuma na kuchambua hupoteza thamani katika robo saa. Karafuu ikae ndani. Kama nafasi haitoshi, kinachopaswa kupanda juu ni makonyo na vikapu, siyo zao lenyewe.

KERIA TUPU NAYO INAKULA

Wenye gari wengi hawaishushi keria hata siku zisizo na mzigo. Upepo unaogonga keria hulipwa kwa mafuta. Takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani zinaonesha kuwa sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hupunguza ufanisi wa mafuta kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kwa mwendo wa Pemba hasara iko karibu na ile ya mjini. Hata hivyo, kwa gari inayotembea kila siku, asilimia 5 ni lita moja katika kila lita 20. Keria inayofungwa kwa bolti nne hushushwa na watu wawili kwa dakika kumi.

SIKU YA PANCHA

Maandalizi yote hayo hupimwa siku tairi inapotoboka. Gari iegeshwe mahali pagumu na tambarare, breki ya mkono ipandishwe, na mawe yawekwe kwenye magurudumu ya upande usionyanyuliwa. Mzigo wa juu ushushwe kwanza. Kunyanyua gari kwa jeki huku kilo 80 ziko kichwani ni kuialika ianguke. Abiria nao washuke.

Kwenye mchanga na udongo uliolowa, jeki huzama badala ya kunyanyua. Kipande cha ubao mgumu cha ukubwa wa sahani, kikikaa daima chini ya kiti, humaliza tatizo hilo. Nati zilegezwe kidogo gari ikiwa bado chini, kisha ndipo jeki ipande. Wakati wa kurudisha, zikazwe kwa mtindo wa msalaba, moja hii na inayoikabili, si kwa kuzunguka. Vitabu vya magari hushauri nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa Pemba hiyo ni karibu safari ya kisiwa kizima, hivyo dereva asisubiri: akifika Konde au Wete ashuke, azikaze.

Baada ya hapo kuna kosa linalorudiwa na wengi. Spea imefungwa, safari imeendelea, na tairi iliyotoboka inatupwa nyuma hadi siku nyingine. Siku hiyo nyingine haiji mpaka pancha ya pili. Tairi mbovu ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa kuwa gari isiyo na spea haijamaliza matengenezo.

Kwa jumla, hakuna katika haya kinachohitaji mtaji mkubwa. Kipimo cha upepo, kopo la grisi, mikanda minne, ubao wa jeki na turubai zima ni vitu vinavyopatikana madukani na kudumu miaka. Spea mpya ndiyo yenye gharama, na hiyo inaweza kupangiwa fedha ya msimu, kama mkulima anavyopangia mbegu. Mwenye gari asome namba nne za ubavuni mwa spea yake, asome kiwango cha paa kwenye kitabu, kisha atoe hesabu. Akikuta spea ina miaka 12, au keria inabeba zaidi ya inavyoruhusiwa, hilo ni la kurekebishwa mchana gari ikiwa uwani, kabla hajaja wa kugonga mlango usiku.